Usiache Chapati Kabla Hujapimwa

Mumbua, mwaitu,

Mama yako ameshafunga sanduku lako mara mbili, na mambo ya blanketi, kufuli na nani wa kupigia ukifika ameyasema yote. Sitayarudia. Ni saa kumi alasiri. Umevuka boma kwenda kumuaga susu yako, na vile ninavyomjua mama yangu, hatakuachilia kabla hujala. Kwa hivyo nina saa moja, labda mbili. Nimeketi mezani na kuupa mlango mgongo ili mama yako akipita asinione uso.

Ninaogopa, mwanangu. Baraka nitakupa kesho asubuhi tukisimama kuomba, kabla uondoke Matinyani kwenda kufundisha huko Narok. Lakini hili lingine mdomo wangu umelikataa kwa wiki tatu, basi acha mkono ujaribu.

Wiki tatu zilizopita ulitoka kanisani umekasirika. Walikuwa wamekuja watu wa kukusanya damu, ukapanga foleni na vijana wenzako, wakakudunga kidole, wakakuambia yako ni kidogo, urudi siku nyingine. Ukatusimulia ukicheka, "Ati mimi ndio sina damu, na vile ninakula!" Mama yako akakuongezea mboga. Siku chache baadaye nilikukuta ukipiga mswaki huku umekunja uso, nikauliza kuna nini, ukasema ni vidonda vya mdomo tu, vinakuja vinaenda tangu ukiwa chuo. Halafu Jumapili iliyopita, wageni walipokuja kukupongeza kwa kazi, ulisukuma chapati pembeni ya sahani. "Siku hizi zinanifurisha tumbo, baba. Nimeamua kuziacha." Ukaendelea kuongea na binamu zako. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Unajua kwamba mimi sili ngano. Umekua ukiona hivyo: keki ya harusi ikiletwa ninasema asante na kuipitisha. Jina la ugonjwa wangu unalijua, seliaki, na watoto wenzako walikuwa wakilicheka. Usichojua ni yaliyotokea kabla ugonjwa haujapata jina. Ulipokuwa darasa la tatu ukatolewa shule Makindu, ukapelekwa Mbooni pamoja na mama yako, tulikuambia ni kwa sababu nyanya yako wa huko alikuwa mgonjwa na alihitaji mtu. Nyanya yako alikuwa mzima kabisa. Mimi ndiye niliyewafukuza.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu nikiruka mahali nitajihurumia.

Makindu nilikuwa mpishi wa chapati katika hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa. Unaikumbuka kidogo, nadhani. Ulikuwa ukitoka shule unakuja kuketi kwenye kreti za soda kunitazama. Nilikuwa hodari. Madereva wa malori walikuwa wakiuliza kwanza, "Mutua yuko leo?" kabla ya kuagiza. Nilianza kukanda saa kumi alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi nyusi zangu zilikuwa nyeupe kwa unga. Kiamsha kinywa changu kilikuwa chai na chapati mbili, mchana chapati na maharagwe, jioni nikifunga ninakula zile zilizovunjika. Mwenye hoteli hakutunyima. Nilijiona mtu aliyebarikiwa, anayefanya kazi mahali ambapo njaa haiingii.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne tumbo lilipoanza. Kwanza kufura tu, kama mtu aliyemeza mpira. Kisha kuhara, si kila siku, lakini siku nyingi za wiki. Kisha uchovu ambao sijui nikuelezee vipi; nilikuwa ninapumzika katikati ya kupanda ngazi nne za nyuma ya hoteli. Nikaenda kliniki, wakasema taifodi, wakanipa dawa. Sikupona, nikaambiwa ni ameba. Baada ya ameba nikaambiwa vidonda vya tumbo, niache pilipili na nisiwe na mawazo. Kuna mmoja, kijana mwenye huruma, aliniambia, "Mzee, kula vyakula laini. Mkate, chai, biskuti. Usisumbue tumbo." Nikamtii. Nilikula mkate kama dawa.

Nikawa mwembamba hivi kwamba nilitoboa mshipi matundu mapya kwa msumari. Watu wa Makindu wana macho. Nilipimwa virusi vya ukimwi mara tatu, na mara zote tatu sikuwa navyo, lakini huwezi kutembea na karatasi umeibandika kifuani. Dereva mmoja niliyemjua miaka mingi alikataa chapati kutoka mkononi mwangu. Alisema ameshiba, akaenda kununua mahali pengine, na mimi nikamuona.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Kila nilipochoka sana nilikuja huku nyumbani kupumzika kwa mama yangu. Na kila nilipokuja, nilipona. Wiki mbili za muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, isyo ya mahindi na maharagwe, uji wa mawele, na tumbo linatulia, rangi inarudi. Ninarudi Makindu nikiimba. Siku kumi hazipiti, nimelala chini tena. Ilitokea mara nne. Mara ya nne mama yangu, huyo susu yako ambaye umerithi jina lake na ndiyo sababu ninakuita mwaitu, mama yangu, aliniletea maji ya kuoga, akaniangalia mbavu, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mutua, hapa unapona. Kule ni nani anakupikia?"

Hakusema zaidi ya hapo. Hakutaja uchawi, hakutaja mama yako. Susu yako si mtu mbaya, Mumbua, na ninakuomba usimwangalie vibaya utakapomaliza kusoma. Alikuwa mama anayeona mwanawe akifa polepole, akatafuta sababu mahali macho yake yalipofika. Mimi ndiye niliyelichukua lile swali nikaenda nalo Makindu, nikalilaza kitandani kati yangu na mke wangu.

Nilianza kumvizia. Nilikuwa ninasimama nje ya dirisha la jikoni nikimtazama Syokau, mama yako, akipika ugali na sukuma, yeye ambaye hakuwahi kunikosea hata kwa neno. Nilinusa chumvi. Jioni moja tulikuwa tumeketi sisi watatu, akatupakulia, akageuka kuchukua maji. Nikachukua sahani yangu nikaiweka mbele yake, na yake nikaiweka mbele yangu. Wewe uliona. Ulikuwa na miaka tisa, ukadhani ni mchezo, ukacheka, ukabadilisha yako na yangu pia. Mama yako akageuka. Akaziangalia sahani, akaniangalia mimi. Aliketi akala chakula kile chote, taratibu, mpaka tonge la mwisho, akiniangalia. Kisha akasimama akaosha vyombo.

Kumbe, mwanangu, katika kila kitu nilichokuwa nikitia mdomoni Makindu, chakula cha mama yako ndicho pekee kilichokuwa salama.

Wiki ile ile nikamwambia aende kwao. Nilitafuta maneno ya heshima, nikasema ni kwa muda, nikasema mama yangu ana wasiwasi. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Na nikienda na bado uumwe, utamlaumu nani?"

Wajomba zako wakaja kuwachukua, mkaenda Mbooni. Na swali lake lilitimia, kwa sababu niliendelea kuumwa, tena zaidi, maana sasa jioni pia nilikula hotelini. Mtu mwenye akili angeamka hapo. Mimi nilijiambia ameacha kitu ndani ya nyumba. Niling'oa godoro, nikachoma mito. Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikia mahubiri juu ya kusingizia, na sikuwahi kudhani kwamba msingiziaji anaweza kuwa mtu mpole, mgonjwa, anayemuombea mkewe kila asubuhi abadilike.

Karibu mwaka ukapita hivyo. Siku moja niliteleza kwenye maji yaliyomwagika jikoni. Nilianguka kidogo tu, kama mtoto anavyoanguka, nikajizuia kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti kikavu. Mpishi wa mkono mmoja hana kazi. Nikarudi huku Matinyani na plasta, nikakaa miezi mitatu kwa mama yangu nikila vyakula vya hapa. Nikanenepa kidogo, na mama yangu akawa anatikisa kichwa, kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kushinda.

Nilipokuwa nikienda hospitali mjini Kitui kuangaliwa mkono, nilimkuta daktari mmoja msichana, mgeni kwetu, ambaye pengine hakuwa amekuzidi sana umri ulio nao sasa. Aliangalia picha ya mfupa, akaniangalia mimi, akarudia kuangalia picha.

"Ulianguka kutoka wapi?"

"Nilikuwa nimesimama tu, daktari. Niliteleza."

"Mfupa wa mtu wa umri wako hauvunjiki hivi." Akafungua faili langu. Akasoma upungufu wa damu, akasoma taifodi, taifodi, ameba. "Hili tumbo limeanza lini?"

Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba nikiwa nyumbani ninapona na nikiwa Makindu ninaumwa. Nilisema kwa kunong'ona, nikitarajia atanielewa bila mimi kumalizia. Yeye akachukua kalamu.

"Huko Makindu unakula nini?"

"Chakula cha kawaida."

"Hapana. Nitajie. Kutoka ukiamka."

Nikamtajia. Alikuwa akiandika, na kila niliposema chapati alipiga mstari chini. Kisha akauliza ninakula nini huku. Muthokoi, nikasema. Isyo. Ugali, ndengu, uji wa mawele. Akaniuliza, na mkate je? Mandazi? Nikacheka, nikamwambia mama yangu hata kikaango cha kuchomea chapati hana. Akaweka kalamu chini.

Miaka yote ile, Mumbua, nilikuwa nimeulizwa ninaumwa wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninakula nini.

Aliniambia kuna kitu ndani ya ngano, kimo pia ndani ya shayiri, kinaitwa gluteni. Watu wengi wanakila maisha yao yote bila shida. Lakini kuna ambao ngano inawasumbua, na akasema si wote wana shida moja. Yuko mtu mwenye mzio, akila anawashwa na kuvimba mara moja. Yuko ambaye tumbo linamfura na kichwa kinamuuma, ila utumbo wake ni mzima ukiuangalia. Na yuko mwenye seliaki, ambaye mwili wake ukiona gluteni unaanza kuupiga utumbo wenyewe, kidogo kidogo, mpaka chakula kinapita bila kuingia mwilini. Ndiyo sababu damu inaisha. Ndiyo sababu mifupa inakauka. Inaweza kuanza utotoni, na inaweza kungoja mpaka mtu awe mzee. Kwa kuangalia nje, akasema, hawezi kujua mimi ni yupi.

Nikamuuliza, "Daktari, kwa hivyo si mtu?"

"Mtu gani?" akasema.

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje, na wagonjwa wengine wakadhani nimeambiwa nina siku chache.

Damu ilipelekwa maabara Nairobi. Majibu yakarudi kwamba sina kitu. Sijui kama unaweza kuelewa nilivyohisi. Nilikuwa nimeshamuondolea mama yako lawama moyoni, na karatasi ile ikanirudisha gizani. Kwa siku tatu nilimlaumu tena. Ndiyo, siku tatu, ninakuandikia ukweli. Lakini daktari alinipigia simu akiwa amejikasirikia. Alisema kosa ni lake, alipaswa kuniambia. Kipimo kile kinatafuta alama za vita, na mimi nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila ngano, vita vimetulia, alama zimefutika. Kama tunataka jibu la kweli itabidi nirudie kula ngano kila siku kwa muda wa wiki sita hivi, chapati kama mbili kwa siku, kisha nipimwe tena.

Mama yangu aliposikia alikataa katakata. "Sipiki kitu cha kumuua mwanangu." Na mimi kwa mkono ule sikuweza kukanda. Nilifikiri siku mbili nzima. Kisha nikaenda Mbooni.

Wewe ulikuwa shule nilipofika, na nilishukuru. Babu yako alinionyesha kigoda nje, hakunikaribisha ndani. Mama yako alitoka akifuta mikono. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanikimbia. Nikamwambia, "Syokau, haikuwa wewe. Inawezekana ilikuwa chapati."

Akaendelea kufuta mikono. Kisha akasema, "Ulibadilisha sahani mbele ya mtoto."

"Ndiyo."

"Ukaniambia mama yako ana wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa wako."

"Ndiyo."

Nikamweleza yote, hata zile siku tatu. Nikamwambia nilichokuja kuomba. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Nimeelewa vizuri? Ulinifukuza kwa sababu nilikuwa ninakutilia sumu. Sasa umerudi kuniomba nikutilie, na umeleta karatasi ya daktari?"

"Ndiyo," nikasema.

Hakukubali siku ile. Alitaka kumuona daktari mwenyewe. Tukaenda Kitui, akaketi mbele yangu, akauliza maswali ambayo sikuwahi kuyafikiria: je, akizidiwa katikati tunasimama? Je, nusu chapati inatosha? Je, kama si seliaki, mtatafuta nini baadaye? Daktari alimjibu yeye, si mimi. Tulipotoka mama yako aliniambia atapika, ila atapikia hapa Matinyani, jikoni kwa mama yangu, na kwamba kila chapati atakayonipa tutaila sisi wawili kutoka sahani moja, mama yangu akiangalia.

Ndivyo ilivyokuwa. Wewe uliachwa Mbooni kumaliza muhula. Kila siku alikanda, akasukuma, akachoma, akaleta sahani moja akaiweka kati yetu, na mama yangu ameketi kwenye kiti chake pale mlangoni. Mama yako alikuwa akikata chapati katikati, ananiachia mimi nichague upande. Nilipochagua, ndipo yeye alipochukua uliobaki. Siku za kwanza nilidhani aibu itaniua kabla ya ngano.

Wiki ya pili tumbo likarudi. Wiki ya tatu nilikuwa ninatembea nikishika ukuta. Alikuwa na daftari, anaandika nimekula nini, nimeamka mara ngapi, mdomo una vidonda vingapi. Wiki ya nne nikamwambia imetosha, nimeshajua, sihitaji karatasi. Akaniambia, "Wewe umeshajua mara nyingi sana, Mutua. Safari hii tungoje tuone." Na alikuwa mzima, unajua? Anakula kile kile, sahani ile ile, na yeye anang'aa. Mama yangu aliona hilo. Hajawahi kuomba msamaha kwa maneno, sitakudanganya. Lakini katika wiki ya tano, mama yako alipoinama kukanda, susu yako aliinuka kwenye kiti, akaenda akamvua mtandio uliokuwa ukimwangukia usoni, akamfunga upya kwa mikono yake. Mama yako hakuacha kukanda, ila machozi yaliingia kwenye unga. Mimi niliyaona.

Damu ya pili ilijibu vingine kabisa. Nikapelekwa Nairobi, wakanipitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni mpaka kwenye utumbo, wakanyofoa vipande vidogo vya kuangalia. Daktari wa huko alinieleza kwamba ndani ya utumbo kuna kitu kama manyoya ya zulia, ndiyo yanayoshika chakula. Yangu yalikuwa yamelala, yamekwisha, pamekuwa laini kama sakafu. Ni seliaki, akasema. Dawa yake ni kutokula gluteni tena mpaka unakufa. Nililia pale mbele yake, akadhani ninalilia chapati.

Mama yako hakurudi kwangu siku ile. Usidhani karatasi ilitengeneza kila kitu. Alirudi Mbooni akakaa miezi mingine minane, na mimi nikawa ninakwenda kila mwisho wa mwezi, ninaketi kwenye kigoda. Wewe ulikuwa unanikimbilia. Alipokubali kuja, alisema hatarudi Makindu, na mimi sikuwa na cha kurudia Makindu. Nani amtake mpishi wa chapati asiyeweza kuvuta pumzi penye unga? Ndiyo maana umenijua kama mkulima wa ndengu.

Sasa nije kwako. Daktari aliniambia ugonjwa huu hupita kwenye damu ya jamaa, na mtoto wangu apimwe. Nilikupeleka ukiwa na miaka kumi na moja. Ulilia sindano. Majibu yakasema huna. Nilifurahi hivi kwamba ile karatasi niliiweka ndani ya Biblia, na nikaacha kusikia maneno ya daktari yaliyofuata. Alisema, "Hili ni jibu la leo. Akikua, dalili zikija, mumlete tena." Mama yako alinikumbusha ulipomaliza kidato cha nne. Nikamwambia tusimtie mtoto hofu. Ukweli ni kwamba hofu ilikuwa yangu. Nilitaka iwe imeishia kwangu. Nilitaka kuamini sikukupa chochote kibaya zaidi ya ile jioni ya sahani.

Inawezekana huna, Mumbua. Sikiliza vizuri, sitaki ufanye kama mimi, uamue kabla ya kujua. Damu ya msichana inaweza kupungua kwa sababu nyingine, na vidonda vya mdomo vinaweza kuwa vidonda tu. Inawezekana ngano inakusumbua kwa njia ile nyingine isiyoharibu utumbo. Mimi si daktari, na mtu aliyewahi kuungua huona moto kila mahali. Wiki hizi tatu nimekuwa nikikuhesabia matonge kama nilivyokuwa nikimvizia mama yako dirishani, na jana nilijishtukia, nikaona haya.

Lakini usiache chapati. Najua ni ajabu kulisikia kutoka kwangu. Umeshaanza kuziacha, na huko Narok kuna ngano mpaka macho yanapoishia, na kila asubuhi chumbani mwa walimu mtaletewa chai na mkate, na ninajua tabia yako, utasema asante, situmii, na utaanza kujisikia nafuu. Kisha siku moja utaenda kupimwa, karatasi itasema huna kitu, na utakaa miaka ukitafuta jibu mahali pengine. Ukitafuta jibu kwa muda mrefu bila kulipata, utalibandika kwa mtu aliye karibu nawe. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko tumbo lenyewe. Kula kama kawaida, nenda kwa daktari mapema, mwambie baba yako ana seliaki, mwambie hivyo kabla hajakuuliza. Mwambie kila unachokula, kutoka ukiamka. Na akisema ni taifodi mara ya pili, muombe akuandikie uende kwa mwingine.

Ningeweza kukuambia haya jana tulipokuwa tukipeta ndengu. Nilifungua mdomo mara mbili. Ila nisingeweza kukuambia uende kupimwa bila kukuambia ilikuwaje kwangu, na nisingeweza kukuambia ilikuwaje kwangu nikiwa ninaangalia uso wako. Mama yako anajua ninaandika. Nilimuuliza kama nina ruhusa, kwa kuwa kisa hiki ni chake kuliko changu. Akasema, "Mwambie. Ila usijipake matope mengi mpaka akuhurumie." Nimejaribu.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Nina deni kwako la karibu miaka miwili ya Mbooni ambayo uliishi ukidhani baba yako ana kazi nyingi.

Na majibu yakitoka, yawe yapi, usinipigie mimi kwanza. Mpigie mama yako. Mimi nitashikwa na woga kabla hujamaliza sentensi, na woga wangu una mazoea mabaya. Yeye atakuuliza daktari amesema nini hasa, kwa maneno yake, na urudi lini. Mimi nitaketi kando yake nikingoja anipe simu.

Baba yako,
Mutua